Unga wa maharage wa kuokea: mwongozo kamili kuanzia sufuriani hadi tanurini

Unga wa maharage ulioandaliwa vizuri unanukia karanga za kukaanga kwa mbali. Ule ulioandaliwa ovyo unanuka majani mabichi, na harufu hiyo haizimwi na iliki, vanila wala maganda ya limau. Wengi wanaouonja mara moja na kuukatia tamaa hulaumu mapishi: hamira ilikuwa chache, moto ulikuwa mkali, mayai yalikuwa madogo. Mara nyingi mapishi hayana kosa. Maharage yalipelekwa mashineni yakiwa mabichi, basi.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu sufuria na jua. Mapishi yenyewe yako mwishoni, na ukishakuwa na unga safi hayana ugumu wowote.

Kwa nini yachemshwe kabla ya kusagwa

Maharage ya kawaida, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha na kumharisha mtu mzima ndani ya saa chache. Maji yanayochemka kwa nguvu huivunja sumu hiyo. Joto kavu la kikaango halitegemewi kwa kazi hiyo. Wala usijipe moyo kwamba tanuri litamaliza kazi, kwa sababu katikati ya mkate au keki joto halivuki digrii 100, tena hukaribia hapo kwa dakika chache tu za mwisho. Mbaya zaidi ni joto la wastani: maharage yaliyokaa kwenye digrii 80 hivi bila kuchemka yanaweza kuwa na madhara makubwa kuliko mabichi. Kwa hiyo wanaopikia kwenye kikapu cha kuhifadhia joto wayachemshe kwanza kwa nguvu jikoni ndipo wayaingize kikapuni.

Sababu ya pili ni ile harufu. Ndani ya punje kuna kimeng'enya kinachosubiri kukutana na mafuta ya punje, hewa na unyevu. Punje ikiwa nzima, vitu hivyo vimetengana. Ukiisaga mbichi unavikutanisha, na harufu ya majani inazaliwa hapo hapo. Ukichemsha punje ikiwa bado nzima, kimeng'enya kinakufa kabla hakijaanza kazi.

Wakazi wa nyanda za juu wana la kuongeza. Maji huchemka kwa joto linalopungua takriban digrii 1 kila unapopanda mita 300, kwa hiyo Mbeya au Nairobi yanachemka karibu na digrii 94. Ongeza muda, au tumia presha kuka.

Kuchagua punje

Maharage ya njano ndiyo ninayoyapendekeza kwa anayeanza. Yanaiva upesi, ladha yake ni tulivu, na unga wake unakaribiana rangi na unga wa mahindi ya njano, kwa hiyo keki haibadiliki sura. Meupe ni mazuri pia pale yanapopatikana. Mekundu yanatoa unga wa rangi ya udongo unaofaa biskuti za tangawizi au mdalasini, lakini keki nyeupe ya harusi usiifikirie. Kenya kuna aina ya Nyota iliyotolewa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la nchi hiyo, yenye madini mengi ya chuma na inayoiva haraka, ukiipata, itumie.

Nunua mavuno mapya. Maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima kwenye joto hugoma kuiva hata uyachemshe kutwa, na punje isiyoiva katikati itakupa unga wenye chenga ngumu. Yaliyobunguliwa yaache sokoni, maana ndani ya tundu huwa kuna vumbi la fukusi, na vumbi hilo huleta uchungu. Yenye ukungu ni ya kutupa, si ya kuosha.

Jamaa wa maharage wana taratibu zao. Kunde, choroko na dengu (si zile ndengu za Kenya, ambazo ndizo choroko) zina sumu hiyo kwa kiasi kidogo sana. Hizo unaweza kuziosha, kuzianika zikauke, kuzikaanga kidogo na kusaga, mradi kitakachopikwa kiive kabisa na usiwe na tabia ya kuonja rojo mbichi. Unga wa dengu unaotumika kwa bajia mijini na pwani unasagwa bila kuchemshwa, lakini unaishia kwenye mafuta ya moto. Soya ina masharti makali zaidi: itie moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, iache dakika 30, ifikiche maganda, ianike, ikaange, ndipo usage. Na kwa kuwa karibu sehemu moja kati ya tano ya punje ya soya ni mafuta, unga wake huchacha mapema.

Kuloweka na kuchemsha

Anza na kilo 1. Chambua juu ya sinia jeupe ili mawe yaonekane, osha, kisha loweka jioni katika lita 3 za maji. Saa 10 hadi 12 zinatosha. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa joto, badilisha maji mara moja kabla ya kulala. Vinginevyo utaamka na povu na harufu ya uchachu.

Asubuhi mwaga maji yote ya kulowekea. Yamebeba sehemu ya sukari zile zinazojaza tumbo gesi, na hakuna faida ya kuzirudisha sufuriani. Suuza, weka maji mapya yapite punje kwa vidole vitatu, injika.

Hapa ndipo unapoamua kuhusu maganda. Kwa mkate na chapati yaache, yana nyuzinyuzi na hayaonekani. Kwa keki au biskuti laini yaondoe: chemsha dakika tano, ipua, mimina maji ya baridi, fikicha kwa viganja viwili, maganda yataelea uyachote. Ni kazi ya mikono mingi, na kama kuna watoto nyumbani wataifurahia kwa dakika kumi za kwanza. Ukimaliza rudisha jikoni kwa maji mapya.

Maji yakishatokota, acha yachemke kwa nguvu bila mfuniko kwa dakika 10 kamili, kisha punguza moto kidogo na endelea hadi punje ziive. Ya njano huchukua dakika 45 hadi saa moja. Mengine huenda saa moja na nusu. Unachotafuta ni punje inayobonyea na kuwa laini mpaka kiini ukiiminya kwa vidole, lakini haijapasuka. Ikipasuka inageuka rojo, na rojo linakauka kwa shida na kushika turubai kama gundi.

Usitie chumvi, kitunguu wala nazi. Magadi yaache kabisa hata kama ndivyo mlivyozoea nyumbani kuyalainisha maharage. Yanaharibu vitamini B1, yanatia unga rangi ya kijivu, na mabaki yake yakikutana na beking pauda keki inapata ladha ya sabuni.

Kukausha

Chuja maharage na uyaache yatoe mvuke dakika 20. Mchuzi wake usiutupe, ni mzuri kwa supu.

Hatua inayofuata ndiyo inayotofautisha unga wa siku moja na ule wa siku tatu: yavunjevunje. Tumia mwiko, au mchi kwa kugusa tu, mpaka upate vipande vidogo kama chenga za mchele. Punje nzima iliyopikwa hukauka nje ikawa ngumu huku ndani ikibaki na maji, na hayo ndiyo yanayoleta ukungu wiki mbili baadaye ndani ya kopo. Vipande vidogo vikianikwa tabaka jembamba kwenye turubai safi au ungo, juu ya kichanja, hukauka kwa jua la siku moja nzuri, au siku moja na nusu. Funika kwa kipande cha chandarua dhidi ya nzi. Geuza kila saa. Ingiza ndani kabla jua halijazama, kwa sababu umande wa usiku mmoja unaweza kurudisha kazi yote nyuma.

Wakati wa masika pwani, jua halitabiriki na hewa yenyewe imejaa maji. Kama una oveni, iweke digrii 70, tandaza vipande kwenye trei, acha mlango wazi kidogo kwa kuegesha mwiko, na ugeuze kila baada ya muda kwa saa sita hadi nane. Kama huna, subiri. Maharage makavu yanaweza kungoja mwezi mmoja. Yaliyokwishachemshwa hayangoji hata siku mbili.

Kujua kama yamekauka, tia kipande mdomoni. Kinatakiwa kukatika kwa mlio, si kutafunika. Kipimo cha uhakika zaidi ni kujaza chupa ya kioo kavu nusu, kuifunga na kuiacha usiku kucha mahali pa joto. Ukikuta ukungu wa mvuke kwenye kioo asubuhi, rudisha juani.

Kukaanga, kusaga, kuchekecha

Kaanga vipande vikavu kwenye kikaango kisicho na mafuta, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, kwa dakika nane hadi kumi. Hapa hatuondoi sumu tena, hiyo ilikwisha sufuriani. Tunafukuza unyevu wa mwisho na kuleta ile harufu ya karanga. Rangi ikianza kugeuka kahawia, ipua na umwage kwenye sinia papo hapo, kwa sababu kikaango kinaendelea kupika hata moto ukizimwa. Uchungu wa maharage yaliyoungua hauna dawa.

Yapoe kabisa kabla ya kusaga. Blenda inafaa kwa kiasi kidogo: jaza robo tu, saga sekunde 30, pumzisha mota. Kwa kilo nzima au zaidi nenda mashine ya mtaani, ila uliza kwanza kilichosagwa kabla yako. Mahindi hayana shida. Pilipili kavu au dagaa ni balaa, na mashine inayosaga chakula cha kuku usiisogelee. Mwombe mwenye mashine apitishe kwanza gao moja la maharage yako, ulitenge hilo, ndipo ajaze chombo chako. Kinu na mchi pia hufanya kazi nzuri, jasho tu.

Chekecha kwa chekeche laini mara mbili. Chenga zinazobaki zisagwe tena, au ziweke kando kwa ajili ya kuongezea uzito kwenye supu na mchuzi. Kilo moja ya maharage itakurudishia pungufu kidogo ya kilo ya unga, na pungufu zaidi kama uliondoa maganda.

Weka kwenye chombo kikavu kinachofunga kabisa, mbali na jiko. Unga wa maharage nauamini miezi miwili hadi mitatu, wa soya mwezi mmoja. Kwenye friji vyote vinaongeza muda. Andika tarehe kwenye mfuniko.

Unga huu ukiingia kwenye donge

Ngano ina gluteni, ule utando unaovutika na kushika hewa mkate ukaumuka. Maharage hayana. Kila kijiko cha unga wa maharage unachoongeza kinapunguza utando huo, kwa hiyo weka mipaka: mkate wa hamira, sehemu moja kwa tano za ngano; chapati na maandazi, moja kwa nne; keki, mpaka robo ya unga wote; biskuti, ambazo hazihitaji kuumuka, hata karibu nusu. Atakayekuambia mkate wa boflo unatoka mlaini kwa nusu kwa nusu hajauoka.

Unga huu unakunywa maji zaidi ya ngano lakini kwa uvivu. Ukikanda na kuona donge limelainika kupita kiasi, usikimbilie kuongeza unga. Lifunike dakika 20 kisha litazame upya. Tena, hugeuka kahawia mapema kwa sababu ya protini yake nyingi, hivyo punguza moto wa tanuri kwa digrii 10 hadi 15 kutoka ule uliouzoea.

Faida ni chakula chenyewe. Gramu 100 za maharage makavu zina protini zipatazo gramu 22, mara mbili ya unga mweupe wa ngano, tena zina lisini, mojawapo ya viini vinavyounda protini, ambayo ngano na mahindi vina uhaba nayo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja kinafidia upungufu wa mwenzake, jambo ambalo wanaokula makande na wali kwa maharage wamekuwa wakilifanya siku zote.

Biskuti za iliki: anzia hapa

Pima gramu 150 za unga wa ngano, 100 za unga wa maharage, 100 za siagi, 80 za sukari, yai moja, nusu kijiko cha chai cha beking pauda, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai na chumvi kidogo.

Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka ziwe nyepesi na nyeupe, tia yai, koroga. Chekecha vikavu vyote pamoja na uvichanganye humo. Donge likivunjika ongeza maziwa kijiko kimoja cha chakula, usizidishe viwili. Lifunge na ulipumzishe nusu saa. Ukiruka hatua hii biskuti zitakuwa na mchanga ulimini. Sukuma unene wa nusu sentimita, kata, oka digrii 170 kwa dakika 12 hadi 15. Zitoe kingo zikianza tu kuiva rangi, hata kama katikati zinaonekana laini, kwa kuwa hukakamaa zikipoa.

Mkate wa slesi

Gramu 400 za ngano, 80 za maharage, hamira ya chenga vijiko viwili vya chai, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula, maji ya vuguvugu mililita 300 na mengine 40 pembeni.

Changanya vyote kwa mililita 300 za mwanzo, funika dakika 20. Ndipo uanze kukanda, ukiongeza maji ya pembeni kidogo kidogo kama donge ni kavu. Kanda dakika 10 hadi 12. Donge hili halitang'aa kama la ngano tupu, lakini litaacha kushika mikono. Liumuke mpaka liwe mara mbili: Dar dakika 45, Arusha mwezi wa Juni hata saa moja na nusu. Litoe hewa, lisukume, likunje, liweke kwenye chombo kilichopakwa mafuta.

Uangalifu mkubwa ni kwenye kuumuka kwa pili. Mkate wa ngano tupu unasamehe ukiusahau, huu hausamehi. Donge likifika usawa wa mdomo wa chombo, ingiza tanurini. Ukingoja livimbe juu zaidi, utando wake dhaifu utaachia na mkate utabonyea katikati. Oka digrii 190 kwa dakika 35 hadi 40, ukiufunika kwa karatasi ya foili baada ya dakika 20. Ukiugonga chini utoe mlio wa kitu kitupu. Uache upoe kabisa kabla ya kuukata, la sivyo ndani utashikana kama ugali wa jana.

Keki ya tui, kwa oveni au kwa mkaa

Saga gramu 125 za siagi na 150 za sukari, tia mayai matatu moja moja. Chekecha gramu 190 za ngano, 60 za unga wa maharage uliotolewa maganda, beking pauda vijiko viwili vya chai na chumvi kidogo. Ingiza vikavu kwa zamu na mililita 150 za tui zito, ukimaliza na maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Oka digrii 170 kama dakika 40.

Wasio na oveni watandaze mchanga mkavu, safi, unene wa vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa yenye mfuniko bapa. Pasha moto dakika 15, kalisha chombo cha keki juu ya mchanga, funika, na ugawe makaa: machache chini, mengi juu ya mfuniko. Usifunue kabla ya nusu saa. Baada ya hapo choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, ondoa makaa yote. Harufu ikikuambia chini panaungua kabla ya hapo, punguza makaa ya chini tu, ya juu yaache.

Chapati na maandazi

Hapa hakuna jipya la kujifunza zaidi ya uwiano. Kwa chapati, kanda gramu 400 za ngano na 100 za maharage kwa maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, uliache donge lipumzike nusu saa kabla ya kukata madonge, na usisukume nyembamba sana kwa sababu zitachanika kwenye mikunjo. Zinababuka upesi kwenye chuma, moto uwe wa wastani. Maandazi yanafuata uwiano huo huo, kwa tui badala ya maji kama mlivyozoea, na mafuta yasiwe ya moto mkali, maana yatapata rangi nje huku ndani bado ni donge.

Na kwa wasiokula ngano: unga wa maharage peke yake unapukutika. Uchanganye nusu kwa nusu na unga wa mchele, ongeza yai moja zaidi ya yale mapishi yanayotaka, na uoke katika vikombe vidogo badala ya chombo kimoja kikubwa.